Prosper, msomee mama hii, na Baba mdogo akiwepo asikie

Guangzhou, Novemba

Mdogo wangu Prosper,

Habari za huko, mama goti lake linaendeleaje? Mpe shikamoo yangu kabla hujaanza kusoma maana najua utasahau. Mi mzima, kazi zipo, baridi imeanza kidogo ila si ile ya kwetu.

Nimepata ujumbe wa kikao cha ukoo cha Desemba. Nimepangiwa mchango wa laki tano, Deo aliyeko Dar na gari lake laki moja, sawa, nimeshazoea, mnadhani huku hela zinaokotwa. Nikafungua ile PDF ya kitabu cha ukoo ambayo Baba mdogo kaitupia kwenye grupu, nikaivuta mpaka ukurasa wa marehemu baba. Imeandikwa "alijaliwa watoto wa kiume wawili, Deogratius na Prosper, na mabinti." Na mabinti, nukta. Mimi na Mary hatuna hata jina, mama mwenyewe kaandikwa "mkewe". Halafu nikarudi kwenye orodha ya michango, huko jina langu lipo, tena kwa herufi kubwa, la pili kutoka juu!

Sasa kwa kuwa Baba mdogo anapenda historia, ngoja nimpe historia. Yule mama aliyenipangisha stoo, yule mliyemwona kwenye video anakula miguu ya kuku mkacheka, ni wa ukoo wa Chen, kwao ni Shantou. Hilo jina si la mchezo. China nzima ni la tano kwa wingi, ukitoa Wang, Li, Zhang na Liu, na hapa jimbo la Guangdong ndio la kwanza kabisa. Tukiwa tunapima maboksi huku kalamu ipo sikioni ananisimulia mambo ya kwao, Kichina changu sa hivi kinatosha kugombana na madereva kwa hiyo hadithi naielewa yote.

Asili yao sio huku kusini. Ni jimbo la Henan, sehemu ambayo leo inaitwa Huaiyang. Mfalme Wu wa Zhou alipoiangusha dola ya Shang, kwenye mwaka 1046 hivi kabla ya Kristo, alimtafuta mtu mmoja anaitwa Man, wa uzao wa Shun yule mtawala wao wa zamani sana, akampa nchi ndogo inayoitwa Chen na akamwozesha binti yake mkubwa. Prosper hapo simama kidogo umwangalie Baba mdogo usoni. Nchi ilikuja pamoja na binti, na mpaka leo miaka 3,000 baadaye binti bado anatajwa, wanamwita Da Ji. Hawajaandika "na mkewe".

Ile nchi ikaja kumezwa na nchi nyingine inaitwa Chu, karne ya 5 kabla ya Kristo, watu wakapoteza ardhi wakabaki wanajiita kwa jina la nchi iliyokufa. Ila kabla ya hapo, mwaka 672 kabla ya Kristo, kijana mmoja wa nyumba ya kifalme anaitwa Wan alikimbia ugomvi wa kwao akaenda nchi ya Qi, wakampokea vizuri, wakampa kazi. Wajukuu zake wakajulikana kama ukoo wa Tian, wakakaa wakanenepa, mwaka 386 kabla ya Kristo wakatambuliwa rasmi kuwa wao ndio watawala wa Qi, wenyeji nje. Mtu unamkaribisha ashike pa kuanzia maisha, kesho anakuuliza wewe ni nani. Hii sitaki kuieleza zaidi, kile kihamba cha chini, shamba la ukoo, kila mtu anajua baba alimwazima nani.

Kusini walishuka na jeshi. Mwaka 669 baada ya Kristo, enzi ya wafalme wa Tang, alitumwa jemadari Chen Zheng kutuliza vurugu pwani ya Fujian, akaja na askari na familia zao kutoka Henan, akafia huko, mwanae Chen Yuanguang akashika nafasi na mwaka 686 ndio mkoa wa Zhangzhou ukaanzishwa. Yule mtoto sa hivi ana mahekalu, wanamfukizia ubani kabisa. Kutoka hiyo pwani ndio wakavuka maji. Taiwan leo kwenye kila watu kumi mmoja ni Chen. Singapore wanaandika Tan na ndio jina linaloongoza, Hong Kong wanaandika Chan, Vietnam ni Trần, na hao walitawala kabisa kuanzia 1225 mpaka 1400 na Wamongolia walipowavamia waliwachapa mpaka Wamongolia wakarudi kwao. Mama mwenye stoo ana binamu zake Singapore, wakija hapa wanaitwa Tan na yeye Chen, karatasini kwa Kichina ni herufi ile ile moja.

Lakini iliyonikaa kichwani ni ya De'an, jimbo la Jiangxi. Kulikuwa na Wachen waliokaa nyumba moja bila kugawana kitu kwa vizazi na vizazi, wakafika watu zaidi ya 3,000, wanalima pamoja na wanapika jungu moja. Wanasema hata mbwa wao mia walikula kwenye hori moja, mmoja akichelewa wengine hawagusi chakula. Mwaka 1062 mfalme Renzong akaamuru wagawanywe, vitabu vya ukoo vinasema walitawanywa sehemu 291, na wakaondoka wakilia. Mama, mi hapo nilicheka peke yangu. Sisi tuko wangapi, na ndizi za mpakani tu zimetupeleka baraza la kata!

Alinipeleka pia kwenye nyumba yao ya ukoo hapa mjini, unashuka tu treni ya chini namba moja. Walianza kuijenga 1888 wakamaliza 1894, Wachen wa wilaya 72 walichanga ili vijana wao wakija mjini kufanya mitihani ya serikali wapate pa kufikia. Paa lake lote juu limejaa vijitu vya udongo vilivyopakwa rangi, wapiganaji, wazee wenye ndevu, simba, unaangalia mpaka shingo inauma. Sa hivi ni makumbusho. Huo ndio mchango bana, hela inaonekana. Ya kwetu ya mwaka juzi ilinunua turubai na fulana.

Na mjue hata kwao kitabu cha ukoo zamani kilikuwa ni cha wanaume tu, mke anaandikwa jina la ukoo aliotoka basi, binti haandikwi kabisa. Ila koo nyingi zimeanza kubadilika. Mama mwenye stoo yumo kwenye kitabu kipya cha kwao, jina lake kamili na la binti yake, alinifungulia ukurasa akaweka kidole pale, kucha ina vumbi la maboksi, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Iandikwe Mary, niandikwe mimi, mama aandikwe kwa jina alilobatizwa, na shangazi Theresia aandikwe, aliyeuza kahawa yake kumlipia Baba mdogo ada mpaka fomu foo. PDF mpya ikija, laki tano naituma siku hiyo hiyo. Isipokuja nitatuma ya mama ya dawa na ya bati la jikoni kwa namba yako, ya ukoo hapana. Na msije mkanifanya Tan Kah Kee, tajiri wa mpira wa Singapore aliyezaliwa Jimei 1874, akajenga chuo kikuu nyumbani Xiamen 1921, biashara ikamfia mkononi 1934 bado anakihangaikia chuo. Mi sina shamba la mpira.

Halafu mwambie mama hii kwa sauti: kontena la kwanza la futi 40 kwa jina langu mwenyewe, sio la kubebeana na watu, limetoka bandari ya Nansha wiki iliyopita. Kwenye BL, ile hati ya mzigo wa meli, nimeandikwa majina yangu yote matatu na la baba lipo. Nimepiga picha, Prosper kaitoe rangi pale stendi, umpelekee.

Desemba siji, nauli imepanda na mzigo lazima niusubirie. Usimwambie mama kwanza, au mwambie, sijui. Juzi nimeota mtori wake nikaamka na njaa usiku wa manane. Mkichinja mniwekee video, ila ulaze simu upande usinikate watu vichwa kama mwaka jana.

Nguo za watoto wa Mary ziko boksi lenye utepe wa njano, usilifungue kabla hajafika. Na nitumie saizi ya kiatu cha mama, mguu wenye goti linalouma ndio upimwe, najua jioni unavimba.

Dada yako,
Yusta