Msiyachome maganda ya mpunga

Mhariri,

Naumia kila nionapo moshi ukifuka juu ya rundo la maganda ya mpunga. Maganda hayo ni takriban asilimia 20 ya uzito wa mpunga. Yasugue kati ya vidole, yanakwaruza kama msasa. Kinachokwaruza ni silika, madini yaleyale ya mchanga, ambayo mmea umeyafyonza kutoka udongoni.

Yakioshwa kwa asidi, kisha yakachomwa kwa nyuzi 600 hivi za Selsiasi, hubaki unga mweupe wa chembe zinazopimwa kwa nanomita, yaani mita iliyogawanywa mara bilioni. Silika ya namna hiyo huimarisha zege na mpira wa matairi.

Ila moto udhibitiwe. Joto likizidi sana silika hugeuka fuwele, na vumbi lake huharibu mapafu. Asidi iliyotumika nayo isimwagwe mtoni kamwe!

Nawasihi wanaofadhili utafiti wa kupata silika kwenye maganda wajenge mitambo midogo kando ya vinu vya kukoboa. Maganda ni mepesi mno: lori hujaa kabla halijapata uzito wa maana, na nauli humeza faida yote.

Msomaji wenu