Lacock ni kijiji cha watu, sio seti ya filamu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niongee na wenzangu tunaopenda kwenda kupiga picha Lacock, kile kijiji cha zamani kule Wiltshire, Uingereza. Jamani zile nyumba wanakaa watu, wamepanga na kodi wanalipa, sasa juzi nimeona mtu kabandika uso dirishani kabisa anachungulia ndani na bibi wa watu yuko mezani anakunywa chai yake, iliniuma sana. Kijiji kilikabidhiwa National Trust, shirika la kutunza majengo na maeneo ya kale, mwaka 1944 ndo maana hadi leo huoni nyaya za umeme juu ya paa, mawe na mbao tu. Tena pale abasia, yale makao ya zamani ya watawa, Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya dirisha mwaka 1835, negativu yake (ile picha ya kwanza ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) ndogo kama stempu bado ipo. Pigeni picha, ila milango ya watu tuiache.