Barua kwa mwanangu: wale sita

Mwanangu mpendwa,

Jana usiku sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeishiwa. Umeita kikao, watu arobaini wakaahidi kuja, wakatokea sita. Ukaniambia, "Baba, watu hawataki mabadiliko." Nilinyamaza kwa sababu ningejibu ningekukaripia, na mtu mzima hakaripiwi kwenye simu.

Hebu niambie: wale 34 wangefikaje huko usiku? Watoto wao wangebaki na nani?

Unaujua mgomo wa mabasi wa Montgomery, kule Marekani, watu weusi walipoacha kupanda mabasi yaliyowabagua. Shuleni walikufundisha kwamba tarehe 1 Desemba 1955 mwanamke mweusi, Rosa Parks, alikataa kumpisha mzungu kiti, basi dunia ikageuka. Hadithi tamu, ila imeruka kazi yote. Miezi tisa kabla yake binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa katika mji huohuo kwa kukataa vilevile, na mabasi yakaendelea kujaa. Safari hii mwalimu mmoja, Jo Ann Robinson, alikesha chuoni na mashine ya kudurufu akitoa vipeperushi vya kuwaita watu wagome, makumi ya maelfu, na kulipokucha vikaanza kugawiwa.

Mgomo ulitangazwa wa siku moja. Ulidumu siku 381. Siku ya kwanza hasira inatosha kumtembeza mtu. Siku ya 200, mvua inanyesha na mwajiri anaangalia saa, anahitaji usafiri. Kwa hiyo wakapanga magari yao wenyewe, kama 300 hivi, wakaweka vituo vya kupandia na kushukia. Magari yanakunywa mafuta, na mafuta ni pesa. Mpishi mmoja, Georgia Gilmore, akakusanya wanawake wenzake, wakawa wanapika na kuuza, kisha mapato anayapeleka kwenye mkutano wa hadhara. Kikundi chao walikipa jina lenye maana ya "Klabu Isiyotoka Popote", ili waliochangia wasije wakafukuzwa kazi. Pesa zimetoka wapi? Hazijatoka popote! Nikifika hapo huwa nacheka peke yangu.

Mwaka 1956 Mahakama ya Juu ilibatilisha ubaguzi ndani ya mabasi yale. Kesi ilikuwa ya wanawake wanne, na mmoja wao ni yule binti Claudette.

Sisi tulipogoma kazini, wewe ukiwa bado mdogo, tulikuwa wengi kuliko nilivyopata kuona. Mwenyekiti alihutubia mpaka watu wakalia. "Umoja ni nguvu" tuliiimba hadi sauti zikakauka. Siku ya nne watu walianza kurudi kazini mmojammoja, vichwa chini, nami nikiwamo. Polisi hawakutugusa. Hakuna aliyekuwa amefikiria familia zetu zitakula nini wiki ya pili. Niliwalaumu wenzangu miaka mingi kwa woga, kabla sijakiri kwamba hata daftari la michango hatukuwa nalo.

Basi hao sita usiwadharau. Una namba zao? Nani ana gari, nani anaandika vizuri, nani anaaminika na fedha? Mpe kila mmoja kazi yenye jina, hata ya kufungua mlango.

Mama yako anasema siku ya kikao kijacho atakaa na watoto wa wenzako. Anataka kujua ni saa ngapi, na wako wangapi.

Baba yako