Barua kwa Mama Neema, kutoka Bethesda

Bethesda, Wales
Oktoba 2025

Mpendwa wangu Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Nimefurahi kusikia kwamba mama amepona kile kikohozi na kwamba Neema amepata uhamisho wa kurudi Moshi. Mfikishie mama shikamoo yangu. Sisi huku tu wazima. Upendo na mumewe wako Cardiff, wajukuu wanakua, na masweta yameshatoka kabatini.

Sasa lile swali lako. Uliuliza, na nikasikia wenzako wakicheka nyuma yako: "Mama Upendo, kwa umri huu unakimbilia nini huko milimani?" Nimeona nikujibu kwa barua, maana umeuliza kitu cha kweli na jibu lake ni refu. Tena mwishoni nina ombi, kwa hiyo usiniache njiani.

Nianze na milima yenyewe. Mrefu kuliko yote hapa Wales unaitwa Yr Wyddfa, na Waingereza wameuzoea kwa jina la Snowdon. Una mita 1,085. Hapo Marangu ulipokaa uko juu kuliko kilele chake! Lakini sisi tumezaliwa tayari tuko juu. Huku unaanza kupanda kutoka karibu na usawa wa bahari, na baada ya muda mfupi miti imekwisha, umebaki na mawe, kondoo, na upepo unaotoka baharini bila kuzuiwa na chochote. Asubuhi jua, saa sita ukungu, saa nane mvua inayokupiga ubavuni. Nimewaona vijana wenye nguvu zao wakiteremka wanatetemeka kwa sababu walidhani mita elfu moja ni kilima cha kupigia picha.

Msimu wangu wa mbio za milimani huanza Januari, na huanza kwa kutembea. Nyumba yetu iko chini ya safu inayoitwa Carneddau. Nikitoka mlangoni naacha maduka, napita nyumba za wachimbaji wa zamani, halafu niko kwenye nyasi. Mji huu umejengwa na machimbo ya sleti, yale mawe bapa ya kuezekea nyumba, na wachimbaji wake waligoma tangu 1900 hadi 1903 wakidai haki zao. Wajukuu wa watu hao ndio majirani zangu. Ni watu wa maneno machache, ila ukikutana nao mlimani watasimama, watakuuliza unaelekea wapi na kama umebeba nguo za kutosha.

Huko juu kuna farasi wadogo wanaoishi porini mwaka mzima, kwenye theluji na kwenye mvua. Wakati wa baridi nawakuta wamegeuzia upepo migongo, wamekaribiana, majike pamoja na watoto wao wa mwaka uliopita. Huwa nasimama nao kidogo, natoa chai kwenye chupa, halafu naendelea hadi mawingu yanaponikataza. Sijali kasi. Natembea kwa saa nne au tano, napanda hadi pumzi inakuwa fupi, nashuka taratibu.

Hapa niseme kama muuguzi. Katika miaka yangu ya wodini nimewapokea wanawake wengi wa rika letu wenye nyonga iliyovunjika kwa kuteleza jikoni tu. Hedhi ikishakoma, mifupa hupoteza uimara wake haraka. Vidonge vina kazi yake, lakini mfupa unataka kubebeshwa mzigo ili uendelee kujijenga, na kupanda na kushuka kilima ni mzigo mzuri usio na gharama. Kushuka ndiko kunakofundisha zaidi. Ukishuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi huku inavutwa, ndiyo maana mgeni wa milima hupata shida kwenye ngazi siku mbili baadaye. Ukirudia kidogo kidogo, misuli inazoea, na goti linapata watu wa kulisaidia. Ulisema goti lako la kulia linakusumbua. Muone daktari kwanza, kisha tulizungumzie hilo mimi na wewe.

Kuanzia majira ya machipuo zinakuja mbio za vijijini. Hizi ndizo nazipenda kupita zote, na ndizo ninazotaka uzielewe. Si mashindano ya matangazo na muziki. Ni jioni ya katikati ya wiki, watu wametoka kazini, wanajiandikisha kwenye meza iliyowekwa shambani au kwenye ukumbi wa kijiji, wanalipa pauni chache. Kabla ya kuanza unakaguliwa mkoba. Kwa mbio za juu milimani wanataka koti la mvua lenye kofia, suruali yake, kofia ya sufu, glavu, ramani, dira, filimbi na chakula cha dharura. Hawana mchezo katika hilo, na nawaheshimu kwa sababu hiyo. Mwezi wa Juni mwanga unabaki hadi karibu saa nne usiku, kwa hiyo tunapanda kilima, tunazunguka rundo la mawe lililoko kileleni, tunarudi, na bado kunaonekana.

Baada ya mbio kuna chai na mkate wao wa zabibu kavu, bara brith, halafu matokeo. Mama Neema, sikiliza namna wanavyosoma matokeo. Anatajwa mshindi mwanamume, anatajwa mshindi mwanamke. Kisha wanaanza: wanawake waliofikisha miaka 40. Waliofikisha 50. Waliofikisha 60. Waliofikisha 70! Kila rika lina mshindi wake, na ukumbi mzima unapiga makofi yale yale. Mwezi wa Mei walisoma jina langu, wa pili katika rika la 60. Aliyenishinda ana miaka sitini na minane, mkulima wa kondoo, na alinipita kwenye mteremko, tope limemfika kiunoni, anacheka. Nilipokwenda kumpa mkono aliniambia mwakani anataka kunikuta nimeongeza kasi, maana hana raha ya kumshinda mtu aliyechoka. Hakusema "umejitahidi kwa umri wako." Alizungumza nami kama mshindani. Sijui kama unaweza kufikiria ninachosema. Miaka mingi nimekuwa mama, bibi, sista wa wodi, mjane, na vyote navishukuru. Pale ukumbini nilikuwa mkimbiaji, basi.

Julai nilikimbia Ras yr Wyddfa yenyewe. Mbio hizi zilianza 1976 katika mji wa Llanberis: unaanzia karibu na ziwa, unapanda hadi kilele, unarudi, karibu kilomita kumi na sita kwa jumla. Wanaanza saa nane mchana, na kuna Waitaliano wanaokuja kila mwaka na nyimbo zao. Kuna reli tangu 1896, na treni huchukua karibu saa nzima kupanda tu. Mwaka 1985 Kenny Stuart alipanda na kushuka kwa saa moja, dakika mbili na sekunde 29. Miaka arobaini imepita na watu bado wanalitaja jina lake kwa sauti ya chini. Mimi nilipanda kwa kutembea sehemu kubwa, mikono juu ya magoti, kama wanavyofanya wengi wa nyuma. Kileleni upepo ulikuwa wa kusukuma mtu. Kushuka ndiko nilikokimbia kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi yote ile ya Carneddau, na kule chini, mahali ambapo njia ya mawe inaingia barabara ya lami yenye mteremko mkali, niliwapita vijana waliokuwa wanashuka kinyumenyume kwa maumivu. Watoto wa Llanberis walikuwa wamejipanga wanagusa viganja vyetu. Nililia kidogo pale mwisho, sitaficha.

Agosti sikushindana kabisa. Nilipanda Tryfan na kundi la wanawake wa hapa. Ni mlima wa miamba, mita 917, na njia ya kaskazini inataka mikono pamoja na miguu. Juu kabisa kuna mawe mawili yaliyosimama, urefu wa kumzidi mtu, wanayaita Adamu na Hawa. Vijana huruka kutoka moja kwenda jingine. Mimi niliketi chini ya Hawa nikala chapati zangu, nikawagawia na wengine, na mazungumzo yakawa marefu kuliko kupanda kwenyewe. Yr Wyddfa yenyewe siku za kiangazi siiendei tena kwa matembezi, maana inapokea zaidi ya watu nusu milioni kwa mwaka, na ukifika juu unapanga foleni kugusa kilele. Heshima ya mlima inapungua namna hiyo, naona mimi.

Septemba ulinitumia video ya Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, kule Tokyo. Nilikuwa nimeshaiona, nikaitazama tena pamoja nawe kwa umbali huu wote. Saa mbili, dakika tisa na sekunde 48, na yule Mjerumani, Amanal Petros, muda ule ule, hadi picha ikaamua. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha! Nikakumbuka Februari 1974, redio ya baba yako, habari za Filbert Bayi kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch kwa kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Kesho yake wewe na mimi tulizunguka kanisa mpaka mzee wa kanisa akatufukuza. Wewe ndiye uliyekuwa mbele. Kwenye mashindano ya shule pia ulikuwa mbele. Mimi nilikuwa nautazama mgongo wako, na nadhani mpaka leo nikikimbia nautazama huo huo.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilishuka Cardiff kwa nusu marathoni. Njia inaanzia penye ngome, inakwenda hadi Penarth, inapita juu ya bwawa la ghuba ambako upepo haukosekani, halafu inazunguka ziwa la Roath. Mji huo una kumbukumbu kwangu. Machi 2016, yalipofanyika pale mashindano ya dunia ya nusu marathoni, nilisafiri kwa treni kwenda kuwaona Wakenya. Geoffrey Kamworor alianguka palepale kwenye mstari wa kuanzia, watu wakampita juu, akanyanyuka, akakimbia ndani ya mvua kubwa na akashinda. Kwa wanawake Peres Jepchirchir alishinda, na medali zote tatu zikaenda Kenya. Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya miavuli. Safari hii nilikuwa upande wa pili wa kamba, na Upendo ndiye aliyepiga vigelegele.

Siku iliyofuata mkwe wangu alinipeleka Llanwynno, kanisa dogo juu ya mabonde ya makaa ya mawe, kwenye kaburi la Guto Nyth Brân. Huyo ndiye mkimbiaji wa hadithi zao, aliyezaliwa 1700. Wanasema mwaka 1737 alikimbia maili kumi na mbili kwa dakika 53 akamshinda Mwingereza aliyeitwa Prince, na mpenzi wake, Siân wa dukani, aliyekuwa amemwekea dau, akampiga mgongoni kwa furaha; moyo wa Guto ukasimama papo hapo. Kila tarehe 31 Desemba kuna mbio za kumkumbuka katika mji wa Aberpennar, zilizoanzishwa 1958. Mimi nilisimama pale nikimfikiria zaidi Siân. Hadithi inasema ndiye aliyekipa kipaji cha Guto kipato na ndiye aliyemrudisha mazoezini alipokuwa ameacha. Jiwe la kaburi ni la kumkumbuka Guto.

Na hapo ndipo ombi langu linapoanzia. Mama Neema, wewe uliacha kukimbia ulipoolewa, na hakuna aliyekuuliza. Baadaye ukasema watu watasema. Sasa unasema umri ni wa vikoba na wajukuu. Vikoba endelea navyo, wajukuu nao ni baraka. Lakini una asubuhi zako. Anza kwa kutembea kutoka sokoni Marangu Mtoni hadi lango la hifadhi na kurudi, mara mbili kwa wiki, na maji na fimbo ya kushukia. Usikimbie. Ukizoea, nenda siku moja hadi vibanda vya wapandaji vya Mandara: kutoka langoni hadi pale mwinuko unakaribia kulingana na nilioupanda mimi Julai, na wewe utaufanya kwenye hewa nyembamba kuliko yangu. Wanaocheka mwambie mmoja wao akusindikize.

Februari nakuja nyumbani, Mungu akipenda. Mwishoni mwa mwezi huo kuna mbio za Kilimanjaro pale Moshi, na pamoja na marathoni kuna zile za kilomita tano. Nataka tukimbie hizo tano, wewe na mimi, na kama utanitangulia nitafurahi kuona mgongo wako tena. Pia nataka tuzungumze na wale wanaoandaa mbio ndogo za parokia na mashule hapo kwenu, waweke rika la akina mama waliofikisha 60. Haihitaji fedha. Inahitaji kalamu, karatasi na mtu wa kusoma majina kwa sauti.

Nitumie namba ya kiatu chako, na uipime jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, ili nikununulie raba mapema. Nisalimie Neema, Baba Neema, na kwaya nzima.

Wako katika upendo,
Mama Upendo