Malalamiko: mliniuzia kompyuta zenye Windows 11 iliyoingizwa kwa kuruka ukaguzi, na mkanificha

Kwa Meneja,
Idara ya Mauzo.

YAH: KOMPYUTA NNE ZA MEZANI NILIZONUNUA KWENU ZIKIWA NA WINDOWS 11

Habari za kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu siku hizi hazipokelewi na meseji za WhatsApp zinapata tiki za bluu halafu kimya, sasa bora niweke kila kitu kwenye maandishi ili baadae asitokee mtu hapo ofisini akasema hakuambiwa.

Mimi nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka jana mwezi wa saba nilinunua kwenu kompyuta nne za mezani za mtumba, zile ndogo, i5, ramu GB 8, SSD ya GB 256, kila moja laki nne na nusu, risiti ya EFD ninayo. Mkazituma kwa basi nikazipokea stendi ya Kange. Tangazo lenu, picha yake bado ninayo kwenye simu, lilisema Windows 11 orijino, apdeti zote, tayari kwa kazi. Na kabla sijatuma hela nilimpigia kijana wenu wa mauzo nikamuuliza kabisa, nasikia Windows 10 inafika mwisho mwezi wa kumi, je hizi zitanivusha? Akanijibu bosi ondoa shaka, hizi ziko kwenye 11 tayari, wewe umeshavuka. Nikatuma hela kwa jibu hilo.

Sikuuliza kwa kujifurahisha. Microsoft walishatangaza kwamba msaada wa Windows 10 mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo, inawaka kama kawaida, ila viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya wadukuzi, vinaacha kuja, labda ujiunge na ule mpango wao wa ziada ambao kwa watu binafsi unafika Oktoba 2026 tu, na tundu lolote litakalogundulika baada ya hapo linabaki wazi. Mtu anayeangalia muvi nyumbani anaweza kusema potelea mbali. Mimi siwezi, kwa sababu kwenye hizo mashine zangu watu wanakuja na namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, wanafunzi wanajaza maombi ya mkopo wa HESLB, vijana wanaomba kazi Ajira Portal, wazee wananipa mpaka nywila zao niwaingilie TRA kwa sababu wao hawajui pa kubonyeza. Haya ni mambo ya watu. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za mteja zikivuja dukani kwangu anayeulizwa ni mimi, nyinyi hamtakuwepo.

Sasa ikafika mwezi wa kumi na moja. Nafungua ukurasa wa apdeti nakuta onyo kwamba toleo la Windows lililomo limefika mwisho wa huduma. Nikashangaa, si ndo kwanza nimenunua, na si mliniambia nimeshavuka? Nikabonyeza kutafuta apdeti, inazunguka weee, inaniambia hakuna kipya. Mashine zote nne ziko hivyo hivyo.

Nikamwita fundi mmoja kijana wa Makorora, anaijua kazi yake. Kitu cha kwanza hata hakugusa mausi, akaniuliza prosesa gani, ule ubongo wa kompyuta. Tukaangalia, i5-6500. Akasema hiyo sita ya mwanzo ndo jenaresheni, yaani kizazi chake, prosesa ya mwaka 2015, na Windows 11 kwa masharti ya Microsoft wenyewe kwa upande wa Intel inaanzia jenaresheni ya nane, za jenaresheni ya saba zilizokubaliwa ni chache sana, na hiyo ya sita haimo kabisa kwenye orodha. Inataka pia TPM 2.0, kile kichipu kinachotunza funguo za kufungia data, na Secure Boot, ule ulinzi wa wakati mashine inawaka. Akaendesha programu ya Microsoft ya kupima, inaitwa PC Health Check, ni bure, mtu yeyote anaipakua, ikatoa jibu palepale kwamba mashine haikidhi masharti na prosesa haitambuliki kwa Windows 11. Yaani kipimo ambacho nyinyi mngeweza kukifanya dukani kwenu mteja akiwa amekaa hapo anasubiri risiti.

Basi nikamuuliza, kama mashine haikubaliki Windows 11 iliingiaje humu? Akanionyesha. Unachukua flashi, unaiandikia Windows kwa programu inaitwa Rufus, na kabla haijaanza kuandika inakuuliza unataka kuondoa sharti la TPM, Secure Boot na ramu? Unaweka tiki, unaendelea, ukaguzi unarukwa, Windows inaingia vizuri na inafanya kazi. Kazi yenyewe siyo ngumu.

Halafu akanionyesha jambo jingine na hili ndo limeniuma kuliko yote. Windows 11 ikiwa kwenye mashine isiyokidhi masharti inaweza kuweka maandishi ya onyo kwenye skrini kwamba masharti ya mfumo hayajatimizwa. Sasa kwenye rejista ya Windows, pale inapotunza mipangilio yake, kuna kifungu kinaitwa UnsupportedHardwareNotificationCache, na ndani yake thamani ya SV2 imewekwa sifuri. Hivyo ndivyo watu wanavyolizima lile onyo. Mashine zote nne imewekwa sifuri. Naamini hiyo haikuja yenyewe, kuna mtu amekaa hapo kwenu akaingia kwenye rejista ya kila mashine akafuta onyo ili mimi nisilione. Ni sawa na kumuuzia mtu gari baada ya kung'oa taa ya oili kwenye dashibodi. Kwa hiyo msinambie hamkujua. Asiyejua hafichi.

Na naomba nieleweke hapa, maana yule msimamizi wenu wa huduma kwa wateja kwenye simu aliniona kama nalalamikia kompyuta kuukuu. Sina ugomvi na kompyuta kuukuu, wala sina ugomvi na kuweka mfumo mpya kwenye mashine ambayo kampuni imeshaiacha. Mimi naona ni jambo jema kabisa na linahitaji ujuzi. Mashine ya 2015 yenye SSD na ramu GB 8 inachapa barua, inaskani, inafungua kurasa za serikali bila shida yoyote, kwanini itupwe? Watu duniani kote wanafanya hivyo, hata wenye kompyuta za Apple zilizokatiwa mfumo mpya wanatumia programu ya OpenCore Legacy Patcher kuuweka huo mfumo mpya, zinaendelea kuishi. Mafundi wetu wa hapa mjini wanafanya kazi hiyo na wanatusaidia sana.

Lakini ina gharama yake, na gharama hiyo mnunuzi ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa hela. Microsoft wameandika wazi kwamba kompyuta isiyokidhi masharti hawaihakikishii apdeti, hata zile za usalama. Kwa kawaida viraka vya kila mwezi vinaendelea kuja, hilo ni kweli, ila toleo jipya la mwaka haliji lenyewe kwenye mashine kama hizi, lazima mtu aliweke kwa mkono. Na kila toleo la Home na Pro linapewa miezi 24 tu. Nyinyi mliniwekea toleo la 23H2, ambalo mwisho wake ulikuwa tarehe 11 Novemba 2025. Hesabuni wenyewe, mmeniuzia mwezi wa saba kitu ambacho mwezi wa kumi na moja kinaachwa, halafu mkasema nimeshavuka! Windows 10 niliyokuwa naikimbia na hiyo 11 yenu zimeachana mwezi mmoja tu. Na wakati huo toleo la 24H2 lilikuwa limeshatoka tangu mwaka juzi, kwanini hamkuweka hilo basi kama mlishaamua kuruka ukaguzi? Nadhani flashi yenu ni ya zamani na hakuna aliyejali.

Majibu yenu nayo niyaseme. Kwanza mliniambia ni umeme wa Tanga unakatika katika, halafu ikawa upepo wa bahari. Upepo wa bahari tunaujua sisi wa hapa, kutu tunaishi nayo, ila kutu haizuii apdeti ya Windows. Baadae mkasema waranti ilikuwa miezi mitatu na imeisha. Waranti ni ya kitu kuharibika, hapa hakuna kilichoharibika, hapa kuna kitu hakikuwa kama mlivyotangaza tangu siku ya kwanza. Mwisho kabisa msimamizi wenu akaniambia mashine hizo zimekwisha, zilete Dar tuzichukue kwa elfu themanini kila moja uongeze hela upate mpya. Nilikaa kimya kwenye simu. Yaani kompyuta ile ile mliyoniuzia laki nne na nusu ikiwa tayari kwa kazi, miezi michache tu kwenu nyinyi wenyewe imeshakuwa chuma chakavu, na nauli ya kuirudisha juu yangu!

Na hazijakwisha. Mbili nimemwambia fundi aweke Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ambayo ina apdeti mpaka 2029, haijauliza prosesa ya jenaresheni ya ngapi, na sasa hivi ninavyoandika ndizo zinazofanya kazi nyingi pale dukani, mitandao yote inafunguka, printa iliingia yenyewe, barua nachapa kwa LibreOffice. Mbili nyingine lazima zibaki Windows kwa sababu kadi za harusi na za michango wateja wananiletea kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangilia kurasa, na skana yangu kubwa ina programu ya Windows tu. Hizo fundi amezipandisha toleo la 25H2 kwa mkono. Faili la zaidi ya GB 5 kwa bando langu, flashi upya, na moja ilifika katikati ikagoma ikaanza kurudisha kila kitu nyuma, duka limefungwa nusu, wazazi wako nje na fomu za watoto za kujiunga na shule wanataka kopi, wengine wakaondoka wakaenda kwa jirani. Ilipokuja kukubali watu walikuwa wanatoka msikitini ishaa. Na toleo hilo nalo litaisha 2027, kazi itakuwa ile ile tena, sasa angalau najua, kwa sababu fundi wa Makorora amenambia alichotakiwa kunambia muuzaji.

Mngeweza kuandika maneno machache kwenye tangazo lenu: prosesa ya jenaresheni ya sita, haimo kwenye orodha ya Microsoft, Windows 11 imewekwa kwa kuruka ukaguzi, toleo jipya utaweka kwa mkono. Bei ingeshuka, sawa, lakini wateja mngepata. Mimi mwenyewe pengine ningenunua, ila kwa bei yake halali na nikijua naingia kwenye nini. Badala yake mmechukua hela ya mashine inayokubalika mkanipa isiyokubalika, na naamini siko peke yangu, wengi walikuwa wanaikimbia Windows 10 wakati huo na tangazo lenu lile mpaka wiki hii bado liko hewani halijabadilishwa hata herufi moja.

Ninachodai ni hiki. Mzichukue zote nne kwa gharama zenu, kutoka hapa hapa Tanga, mnipe nne zenye jenaresheni ya nane kwenda juu ambazo PC Health Check inazikubali mbele ya macho yangu, na kama kuna tofauti ya bei niongeze tofauti ya kweli kutoka kwenye ile laki nne na nusu niliyolipa, hiyo elfu themanini yenu siitambui. Kama hamtaki hivyo basi nibaki nazo, mnirudishie laki moja na nusu kwa kila mashine kwa sababu hiyo ndo naona ilikuwa bei ya uongo, pamoja na hela ya fundi na bando, karatasi ya mahesabu nimeiambatanisha. Na vyovyote mtakavyochagua, lile tangazo mlirekebishe liseme jenaresheni ya prosesa na liseme jinsi Windows ilivyoingizwa.

Nawapa siku kumi na nne tangu mpokee barua hii. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na zikipita hizo siku bila jibu la maandishi nitapeleka jalada lote Tume ya Ushindani, picha ya tangazo, risiti, picha za ile rejista kwa mashine zote nne kabla fundi hajagusa chochote, pamoja na meseji zenu zote kuanzia ile ya umeme wa Tanga. Sitaki kufika huko, biashara ya kompyuta za mtumba inatufaa sisi wenye maduka madogo na ningependa kuendelea kununua kwenu mkilimaliza hili vizuri. Namba yangu ni ile ile mliyonayo, nipo dukani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, Ijumaa nafunga mchana kwa ajili ya swala halafu narudi.

Ni mimi mteja wenu,
Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga.

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, picha ya tangazo, picha za PC Health Check na za rejista, mahesabu ya fundi na bando.