Barua ya wazi kwa vijana wanaobishana juu ya mwandishi wa Zaburi

Wapendwa wanangu, wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili,

Nawasalimu kwa upendo. Nimesikia kwamba mafunzo yenu ya Zaburi yamesimama kwa sababu ya mabishano. Baadhi yenu wanashikilia kwamba zaburi zote 150 ni za Daudi, na kwamba anayesema vinginevyo ameiacha imani. Wengine, baada ya kusoma hoja chache za wataalamu, wanasema jina la Daudi halina uzito wowote na kwamba vichwa vilivyo juu ya zaburi havifai hata kusomwa. Nimefundisha Agano la Kale kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na inaniuma kuona pande zote mbili zikishindana bila kukiuliza kitabu chenyewe, kwa kuwa kitabu hiki kimebeba alama nyingi za watu waliokitunga na kukikusanya.

Anzeni na hivyo vichwa. Katika matini ya Kiebrania zaburi 73 zina jina la Daudi, 12 zina jina la Asafu, kadhaa ni za wana wa Kora, mbili zina jina la Sulemani, ya 90 ni ya Musa, na nyingine nyingi hazina jina la mtu yeyote. Anayesema zote ni za Daudi anapingana kwanza kabisa na vichwa hivyo. Wala wazo la watunzi wengi halikuletwa na maprofesa wa Ulaya. Marabi wa kale, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, katika Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mafundisho yao, walisema kwamba Daudi aliandika kitabu cha Zaburi pamoja na wazee kumi, na kati yao wakawataja Adamu, Ibrahimu, Musa, Asafu na wana watatu wa Kora. Orodha hiyo siichukui kuwa ushahidi wa kihistoria, lakini inaonyesha kwamba watu wenye imani thabiti waliweza kukiri kazi ya mikono mingi bila kutetereka.

Sasa fungueni mwisho wa Zaburi ya 72. Pana sentensi ambayo wengi huipita bila kusimama: "Maombi ya Daudi mwana wa Yese yamekwisha." Hata hivyo baada yake zinafuata zaburi 18 zenye jina la Daudi, kuanzia ya 86 hadi ya 145. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba sentensi hiyo ilifunga mkusanyiko wa zamani zaidi, na waliokuja baadaye wakaongeza mikusanyiko mingine, huku wakiyaheshimu waliyoyapokea kiasi cha kutoifuta. Ndiyo maana pia Zaburi ya 14 na ya 53 zinakaribia kuwa wimbo mmoja. Ziwekeni sambamba: ya 14 inasema BWANA aliwachungulia wanadamu toka mbinguni, na ya 53 inasema Mungu aliwachungulia. Kuanzia ya 42 hadi ya 83 jina "Mungu" limetawala kwa namna isiyoweza kuwa bahati tu. Kundi hilo lilipitia mikono ya watu waliokuwa na desturi yao, kisha likaunganishwa na mengine hadi kitabu kikawa na sehemu tano, ambazo nne za kwanza zinafungwa kwa maneno ya kumhimidi Mungu mwishoni mwa zaburi ya 41, 72, 89 na 106.

Jambo la Asafu linataka subira zaidi. Mambo ya Nyakati humtaja kuwa kiongozi wa waimbaji wakati wa Daudi, yaani karibu mwaka 1000 K.K. Lakini Zaburi ya 74, yenye jina lake, inaomboleza patakatifu palipotiwa moto, na hekalu la Yerusalemu lilichomwa na Wababeli mnamo mwaka 586 K.K. Je, kichwa kinadanganya? Someni Ezra 2:41, ambapo wana wa Asafu 128 wanahesabiwa miongoni mwa waliorudi kutoka uhamishoni. Asafu lilikuwa jina la ukoo wa waimbaji, na ukoo huo uliendelea kutunga kwa jina la babu yao kwa karne kadhaa.

Na Zaburi ya 51, ambayo huwaliza waumini wetu kila Kwaresima, kichwa chake kinaiweka katika toba ya Daudi baada ya kisa cha Bath-sheba. Katikati yake mwombaji anasema Mungu hapendezwi na dhabihu. Ghafla, katika aya mbili za mwisho, anaiombea Sayuni mema na kuomba kuta za Yerusalemu zijengwe, na ndipo dhabihu zitakapopendeza. Daudi hakuwa na kuta zilizobomoka za kujenga upya. Naamini kwamba watu waliokuwa wakiishi kati ya magofu waliichukua toba ya mtu mmoja wakaifanya toba ya taifa zima, na mimi siwezi kuziita aya hizo mbili nyongeza ya bure.

Jina la Daudi nalo liliendelea kukua. Waliotafsiri Zaburi kwa Kiyunani zamani waliliweka hata juu ya wimbo wa mito ya Babeli, ambao ni Zaburi ya 137. Gombo la zaburi lililopatikana mwaka 1956 katika pango la 11 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, lina maelezo kwamba Daudi alitunga nyimbo 4,050, na mpangilio wake wa theluthi ya mwisho ya kitabu unatofautiana na wetu. Sisi wa pwani tunalifahamu jambo hili kupitia Fumo Liyongo, ambaye mashairi mengi huhesabiwa kuwa yake kwa kuwa jina lake lilikuwa mlango wa ushairi wenyewe. Kwa hiyo nyinyi mnaotaka jina la Daudi liondolewe, mnaondoa ufunguo ambao wakusanyaji walitupa wa kusomea: msomaji asikie katika zaburi sauti ya mfalme aliyekosa, aliyekimbizwa, aliyesamehewa.

Mpangilio nao ni fundisho. Mwaka 1985 Gerald Wilson, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba sehemu ya tatu inafika mwisho katika Zaburi ya 89, ambapo agano na Daudi linaonekana kuvunjika na taji limetupwa chini. Mara tu baada ya hapo inakuja sala ya Musa, mtu aliyeishi kabla Israeli haijawa na mfalme, na punde zinafuata zaburi zinazotangaza kwamba BWANA ametamalaki. Roho aliyewapa washairi maneno aliwapa pia wakusanyaji busara ya kuyapanga, na hilo nalishika kwa moyo wangu wote.

Rudini basi katika mafunzo yenu. Mtakapofika kwenye zaburi hizo msikimbilie ya 91 kwa sababu inapendwa. Someni ya 88, ya 89 na ya 90 kwa sauti, kwa mfululizo, katika kikao kimoja, na waalikeni waliofiwa.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa Agano la Kale