Njoo Rau, nahitaji macho yako

Moshi, Jumapili jioni

Mangi Elia,

Salamu nyingi. Huku wazima wote, mama bado anauliza kama umeoa. Tumekaa kimya mno, wewe na mimi, tugawane lawama tuendelee, maana nina shida. Siyo pesa, usishtuke. Nahitaji macho yako.

Unajua niko msitu wa Rau na wale mbega. Kazi yenyewe ni kukaa chini ya miti na kuandika wanafanya nini: anakula, anatembea, amepumzika, anamtoa mwenzake chawa. Sasa, mbega yupi, na saa ngapi? Jicho halina adabu, bwana. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pee, na majike wanapokezana kumbeba. Ukiinua shingo tu unamwona yeye. Dume aliyejibanza kwenye majani tangu saa tatu, nani anamwona? Ukiandika kila kinachokuvutia, daftari litasema mbega ni wachapakazi na shughuli yao kubwa ni kulea. Kumbe ni mla majani, majani yanachelewa kusagika tumboni, na zaidi ya nusu ya mchana amekaa tu.

Ndiyo maana Jeanne Altmann, aliyesomea hisabati kabla ya kwenda kuwafuata nyani wa Amboseli, hapo upande wa pili wa mlima wetu, aliandika mwaka 1974 kwamba uamue kabla hujaangalia. Ama unamfuata mnyama mmoja uliyempangia kwa muda uliopanga, hata akilala. Ama kila baada ya dakika kadhaa unapitisha macho kundi zima na kuandika kila mmoja alikutwa akifanya nini. Mimi nafanya hiyo ya pili, kila dakika kumi, simu inanipigia kengele. Vijana wa bodaboda wanadhani nina dozi ya dawa.

Mkubwa mmoja kwenye mradi, sitamtaja, anataka rekodi maelfu. Lakini mbega aliyelala saa nne na dakika kumi, saa nne na ishirini bado amelala! Hizo siyo habari mbili. Ni sawa na kumuuliza Babu Shirima bei ya kahawa mara mia, kisha useme umehoji wakulima mia. Hurlbert, naye mwanaikolojia, alishawasema wenzake kwa jambo hilihili mwaka 1984, na bado tunabishana kwenye vikao. Makundi niliyo nayo ni machache, basi, na ndiyo sampuli yangu. Ah, tuyaache hayo, nitapandwa na presha bure.

Turudi kwenye macho yako. Nataka tukae wawili, tuandike mbega walewale, dakika ileile, bila kuchunguliana, kisha tuone tunakubaliana kiasi gani. Doreen alikuja kunisaidia, akawa anatazama daftari langu kwanza ndipo anaandika lake. Tulikubaliana sana!

Wala asilimia tupu isikudanganye. Chukulia kila mmoja wetu anaandika "amepumzika" mara 60 katika 100. Hata tukibahatisha tumefumba macho, tutarajie kukubaliana mara 52: 36 kwenye mapumziko (asilimia 60 ya 60), 16 kwenye mengineyo yote (asilimia 40 ya 40). Kwa hiyo tukikubaliana mara 70, usichinje mbuzi. Kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano ambacho 1 ni kukubaliana kabisa, inaiondoa hiyo bahati, na inayobaki ni 0.375 tu. Hiyo nikiipeleka kwenye kikao nitachekwa.

Na nakutaka wewe kwa sababu hujui ninachokitarajia. Nina dhana yangu kuhusu kundi la upande wa mashamba ya mpunga. Sikwambii mpaka umalize, ukishaijua na wewe utaanza kuiona. Isitoshe wewe ni mbishi, na ubishi wako safari hii una faida. Nauli ya Coaster nitalipa mimi, na ndizi za mama zipo.

Jumamosi una nafasi, au bado mnasahihisha mitihani? Frenki amerudisha darubini? Utaweza kuamka saa kumi na moja, wewe wa kulala mpaka jua liingie dirishani? Na mbega akiwa anatafuna huku amefumba macho, utaandika anakula au amepumzika? Hilo la mwisho usinijibu kwa simu, andika kwenye karatasi uje nayo, na mimi nimeshaandika langu.

Wako,
Godi